Gari lenye kilometa chache: dawa ya kusafisha moteri ina kazi gani?

Siku nilipopeleka gari langu garaji kwa ajili ya vidanje, hapa Bukavu, kompteri ilikuwa inaonyesha kilometa 52 400. Ni Toyota Ist ya esansi. Mimi na mke wangu tuliinunua kwa akiba ya miaka minne. Asubuhi inapeleka watoto shule, kisha inanifikisha kazini, na siku ya Mungu inatupeleka kanisani. Haifanyi taxi, haitoki nje ya mji. Kwa mawazo yangu, moteri yake ilikuwa bado mpya.

Fundi kijana alinionyesha chupa ndogo yenye karatasi ya rangi nyekundu. “Mukubwa, tuweke kwanza hii mbele ya kumwanga mafuta. Itasukula moteri yote. Ni dola 12 tu.”

Nilimuuliza: moteri ya kilometa chache hivi ina uchafu gani wa kusukula? Akajibu kwamba ndiyo sababu yenyewe, ili ibaki mpya. Nilikuwa tayari nimeshika mfuko wa pesa, lakini mzee mwenye garaji alitukatisha. “Papa Junior, usilipe kitu. Fungua kwanza tuone.”

Akafungua kifuniko cha juu, pale panapomwangiwa mafuta, akawasha taa ya simu. Chini ya kifuniko kulikuwa na utando mweupe kama mayoneze. Ndani zaidi, chuma kilikuwa kimevaa rangi nyeusi nyeusi. Mzee akaniuliza: vidanje ya mwisho ilikuwa lini? Nikahesabu kwa vidole. Ilikuwa miezi 14. Nilikuwa nangoja kilometa 5 000 zitimie.

Siku ile ndipo nilipoanza kuuliza swali ambalo wenye magari wengi wa Kivu wanajiuliza mbele ya zile chupa zinazouzwa garaji na dukani: gari lenye kilometa chache linahitaji dawa ya kusafisha moteri? Nimeuliza mafundi, nimesoma vitabu vya magari, nimehesabu. Kwa sehemu kubwa jibu ni hapana. Lakini sababu yake si ile niliyofikiri. Kilometa chache hazimaanishi moteri safi, na chupa siyo inayoisafisha.

Kompteri haisemi yote

Kompteri inahesabu mwendo wa magurudumu tu. Haihesabu saa ambazo moteri imezunguka. Tuchukue mfano. Gari linalotembea barabara nzuri kwa kilometa 60 kwa saa linamaliza kilometa 5 000 kwa saa 83 hivi. Gari linalopanda kutoka Panzi kwenda Nyawera asubuhi, katika msongamano wa magari, mashimo na pikipiki, likienda kwa wastani wa kilometa 15 kwa saa, linatumia saa 333 kwa kilometa zilezile 5 000. Kompteri inaonyesha hesabu moja, lakini moteri ya pili imefanya kazi mara nne zaidi kwa mafuta yaleyale.

Jambo la pili ni maji. Esansi inapoungua, inazaa mvuke. Lita moja ya esansi inatoa karibu lita moja ya maji. Sehemu kubwa inatoka nyuma kwa bomba, na ndiyo maana asubuhi tunaona bomba linatiririka. Lakini sehemu kidogo inapita kando ya pistoni na kushuka katika mafuta ya moteri, pamoja na esansi kidogo isiyoungua. Gari likitembea muda mrefu, mafuta yanapata moto wa kutosha na maji hayo yanageuka tena mvuke na kutoka. Gari likitembea dakika kumi tu, likazimwa, likawashwa tena jioni kwa dakika kumi, maji yanabaki ndani. Mshale wa joto kwenye dashibodi unaweza kuwa umefika katikati, lakini huo unapima maji ya radiateri. Mafuta yanachelewa zaidi kupata moto.

Ndiyo ile mayoneze niliyoiona. Ni maji yaliyochanganyika na mafuta. Yakikaa miezi na miezi pamoja na masizi, yanageuka tope jeusi linaloziba njia ndogo za mafuta. Kwa hiyo gari la mama anayekwenda sokoni mara mbili kwa wiki linaweza kuwa na moteri chafu kuliko gari la mfanyabiashara anayekwenda Uvira na kurudi kila wiki.

Wanaotengeneza magari wanajua hilo. Vitabu vyao vina mpango wa pili wa matengenezo, kwa ajili ya kazi ngumu. Kazi ngumu hapo si kubeba mizigo tu. Ni safari fupi, vumbi, mwendo wa polepole na kusimama mara kwa mara na moteri ikiwaka. Ukisoma orodha hiyo ukiwa Bukavu, Goma au Butembo, utaona wanazungumzia barabara zetu.

Chupa hizo ni za aina mbili

Wengi wetu tunasema “dawa ya kusukula moteri” kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu viwili tofauti, na ukivichanganya unaweza kupata hasara.

Ya kwanza inamwangwa ndani ya mafuta ya moteri, dakika chache kabla ya vidanje. Moteri inaachwa iwake ralanti, kisha mafuta yote yanamwangwa. Ya pili inamwangwa ndani ya tanki la esansi, na gari linatembea nayo mpaka tanki liishe. Ya kwanza inatafuta tope ndani ya moteri. Ya pili inasafisha njia ya esansi: injekteri, supapu na chumba ambamo esansi inaunguzwa.

Ile ya kumwanga katika mafuta ya moteri

Hiyo ndiyo niliyotaka kununua. Ndani yake kuna maji mepesi ya kuyeyusha, ya jamaa moja na petroli ya taa. Kuna mafundi ambao hawanunui hata chupa: wanamwanga mazutu au petroli moja kwa moja, wanawasha moteri, kisha wanaonyesha mwenye gari maji meusi yanayotoka. Mwenye gari anafurahi kwa sababu ameona uchafu kwa macho.

Lakini tufikiri. Kama vidanje imefanywa kwa wakati, hakuna tope la kuyeyusha. Mafuta mazuri ya moteri tayari yana dawa ya kusafisha ndani yake, na dawa nyingine ya kushika masizi yasigande. Mafuta yanakuwa meusi kwa sababu yanafanya kazi hiyo. Kitabu cha Honda kwa magari mengi yanayouzwa Marekani kinasema wazi kwamba moteri haihitaji dawa ya kuongeza katika mafuta, na kwamba dawa hiyo inaweza kudhuru utendaji na maisha ya moteri.

Na kama vidanje haikufanywa, hatari inakuwa kubwa zaidi. Tope halitoki lote kama sukari katika chai. Linatoka kwa vipande. Vipande vinashuka katika karteri, na pale chini kuna chujio dogo ambalo pompi ya mafuta inanyonyea. Likizibwa, pompi inanyonya hewa, taa nyekundu inawaka, na vyuma vinaanza kusagana bila mafuta. Jirani yangu mmoja aliona hivyo. Alikuwa na Noah iliyokuwa inafanya vizuri. Ilisukulwa siku ya Posho, na siku ya Kwanza ilikuwa inagonga kama nyundo. Fundi alipofungua karteri, lile chujio lilikuwa limefunikwa na ukoko mweusi. Moteri ya kubadilisha ilimgharimu zaidi ya dola elfu moja, na miezi miwili bila kazi.

Jambo lingine ambalo halisemwi: vidanje haitoi kila tone. Mafuta kidogo yanabaki ndani, pamoja na hiyo dawa nyepesi, na yanapunguza uzito wa mafuta mapya uliyolipia.

Ile ya kumwanga katika esansi

Hapa jibu si “hapana” kavu. Uchafu katika njia ya esansi ni jambo la kweli, na dawa nzuri ya esansi inafanya kazi ya kweli.

Huko Marekani, tangu mwaka wa 1995 sheria inadai kila esansi ya gari inayouzwa iwe na kiasi fulani cha dawa ya kusafisha. Mwaka wa 2004, BMW, General Motors, Honda na Toyota waliona kiasi hicho ni kidogo, wakaanzisha alama yao ya esansi yenye dawa nyingi zaidi, inayoitwa Top Tier. Mwaka wa 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima esansi za aina hizo mbili katika moteri kwa mwendo sawa na kilometa 6 400 hivi. Esansi isiyo na alama hiyo iliacha masizi mara 19 zaidi, kwa wastani.

Sisi hapa tuko wapi? Esansi ya Kivu inashuka melini Mombasa au Dar es Salaam, inapita mipaka kwa malori, inapita mikono mingi. Mwisho wake kuna kituo cha mafuta, au kuna Kadhafi pembeni ya barabara na chupa zake na bidoni zake. Mwenye gari hana njia ya kujua ndani yake kuna dawa kiasi gani. Wakati mwingine hata hajui kama kuna maji au petroli.

Kwa hiyo chupa moja ya dawa nzuri ya esansi mara moja kwa mwaka, au kila kilometa 10 000, si upumbavu, hata kwa gari lenye kilometa chache. Dawa iliyo na sifa zaidi ni ile iliyoandikwa polyetheramine, au kwa kifupi PEA. Soma nyuma ya chupa. Kama hapajaandikwa kitu chochote juu ya kilicho ndani, acha hapo. Weka chupa moja kwa tanki lililojaa kama ilivyoandikwa, usizidishe. Na uiweke kabla ya vidanje, si baada yake, kwa sababu dawa kidogo inashuka katika mafuta ya moteri. Ni vizuri itoke pamoja na mafuta ya zamani.

Lakini dawa hiyo haiondoi maji wala mchanga katika tanki. Hiyo ni kazi ya filta na ya kuchagua mahali pa kununua. Na wenye magari ya mazutu wasiitumie: mazutu ina dawa zake, na adui wake mkubwa ni maji katika filta.

Angalia kama moteri yako ni D-4

Kuna jambo moja ambalo wauza chupa hawaelezi. Katika moteri nyingi za esansi tulizozoea, kama ile ya Ist, Vitz au Corolla za miaka ya 2000, injekteri inapuliza esansi juu ya supapu, kabla ya kuingia. Esansi yenye dawa inapita pale na kuosha.

Lakini kuna moteri ambazo injekteri inapuliza moja kwa moja ndani ya chumba cha moto. Toyota iliita zake D-4, na utaona maandishi hayo juu ya kifuniko cha moteri. Noah na Voxy zilizotoka kati ya mwaka wa 2001 na wa 2007 zinayo, na RAV4 nyingi za Japani za wakati huo pia. Katika moteri hizo esansi haigusi supapu za kuingizia hewa hata kidogo. Unaweza kumwanga chupa kumi katika tanki, masizi ya pale hayatatoka. Dawa itasafisha injekteri, basi. Masizi ya supapu yanatolewa na fundi kwa kufungua na kusafisha kwa mkono.

Na kama gari linatetemeka kwenye ralanti, usikimbilie chupa. Mara nyingi ni buji zilizochoka, filta ya hewa iliyojaa vumbi, au papiyo chafu, kile kilango kinachoingiza hewa. Kulipima gari kwa skana na kubadilisha buji kunasaidia kuliko kubahatisha.

Fundisho la mwaka wa 2002

Anayefikiri kwamba tope linapatikana kwa magari mabovu tu, akumbuke yaliyoipata Toyota Marekani. Moteri za aina mbili zilizowekwa katika magari kama Camry, ya miaka ya 1997 mpaka 2002, zilianza kujaa tope. Toyota ilisema sababu ni wenye magari kuchelewesha vidanje. Wenye magari wengi walikataa, wakasema walifuata utaratibu. Mwaka wa 2002 kampuni ilikubali kulinda magari karibu milioni 3,3 kwa miaka minane tangu yaliponunuliwa, na mwaka wa 2007 kesi ya wateja ikamalizwa kwa mapatano.

 Hata katika ulinzi ule wa Toyota, mteja aliombwa kuonyesha kwamba alitunza gari kwa kiasi cha kuridhisha.

Basi tufanye nini?

Kwanza, fungua na uangalie. Ni bure. Chuma chenye rangi ya asali au ya kahawia nyepesi ni kizuri. Mayoneze kidogo chini ya kifuniko ni dalili ya safari fupi. Kama mayoneze ni nyingi na maji ya radiateri yanapungua, simamisha gari: pengine ni jwe ya kilase. Ukiona tope zito kama lami, usimwange dawa ya kusukula kamwe.

Pili, hesabu miezi. Kwa safari zetu fupi na vumbi letu, miezi sita au kilometa 5 000, ile itakayofika kwanza. Kila mara badilisha na filta ya mafuta. Dola zile za chupa zinatosha filta, na mara nyingine zinabaki.

Tatu, nunua mafuta ya kweli. Nyuma ya bidoni tafuta herufi za API: SN, iliyoanza mwaka wa 2010, au SP, iliyoanza mwaka wa 2020, na uzito unaotajwa katika kitabu cha gari. Angalia kifuniko kama hakijawahi kufunguliwa. Ukimaliza bidoni, itoboe, isirudi sokoni na mafuta ya kuchujwa ndani yake.

Nne, mara moja kwa wiki lipe gari mwendo wa nusu saa au zaidi bila kulizima. Kuliwasha dakika tano ndani ya parseli “ili lipate moto” kunaongeza maji ndani ya moteri badala ya kuyatoa.

Tano, kwa magari yaliyolala. Tangu vita ilipofika Goma Januari 2025, na Bukavu Februari ya mwaka huo, kuna waliofungia gari katika parseli kwa miezi mingi. Kompteri haikusogea, lakini mafuta yamezeeka na esansi katika tanki imepoteza nguvu. Toa esansi hiyo, weka mpya, fanya vidanje kabla ya safari ndefu. Hakuna chupa inayofufua esansi iliyooza.

Sita, kwa anayenunua gari la Japani: usiamini kompteri peke yake. Omba karatasi ya mnada na cheti cha kuuzwa nje, vyote vinaandikwa kilometa. Kama hazilingani na kompteri, jua kwamba unanunua moteri usiyoijua. Na hata zikilingana, anza na vidanje.

Kwa Ist yangu, mzee hakuweka chupa yoyote. Alimwanga mafuta moto moto, akabadilisha filta, akaweka mafuta mapya, akaniambia nirudi baada ya kilometa 1 500, si 5 000. Niliporudi, mafuta yalitoka meusi kama kahawa. “Hiyo ndiyo dawa,” akasema. “Inasukula polepole, haivunji kitu.” Tulirudia mara ya tatu. Sasa nikifungua kifuniko, ule utando mweupe haupo, na chuma kimeanza kuonyesha rangi yake.

Yule fundi kijana bado anauza chupa zake, na simlaumu, ni kazi yake. Lakini juu ya kioo cha gari langu, pale ambapo zamani tulikuwa tunaandika kilometa za vidanje inayofuata, sasa tunaandika na tarehe. Mke wangu ndiye anayeilinda. Mwezi uliopita alinikumbusha siku kumi mbele, na kompteri ilikuwa imesogea kilometa 1 900 tu.